Kengele ya Karugendo

Karugendo alipokufa kule Nyanga, mwanaye Ildefons alipata kibanja chote na migomba na mibuni yake, akapata nyumba, akapata na kiti cha baba. Dada yake Kokuberwa alipata kengele. Na hata hiyo hakupewa. Aliikuta imetupwa nyuma ya nyumba kwenye maganda ya kahawa, akaifuta vumbi, akaitia kwenye fundo lake la nguo. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba ni kitu.

Ilikuwa kengele ya mti, kubwa kama ngumi mbili, imechongwa kwa mkono, ndani ina vipande viwili vya mfupa. Kengele ya mbwa wa kuwinda. Karugendo alikuwa mwindaji, na kila alipotoka nyumbani aliiziba kwa majani makavu isilie njiani. Akifika porini anachomoa majani. Ikilia, mbwa anajua kazi imeanza. Ikizibwa tena, mbwa anajua kazi imekwisha, analala hata kama nyama iko mbele yake. Kokuberwa aliyaona hayo tangu utotoni, akiwa amesimama mbali, maana mtoto wa kike alikuwa haruhusiwi kuigusa. Eti akiigusa mbwa hanusi tena. Upuuzi mtupu, lakini ulimsimamisha mbali miaka yote.

Wakati wa msiba alikuwa na miaka thelathini na minne, ametoka kwa mume aliyemrudisha kwao kwa kosa la kutozaa. Alidhani kwa baba patapatikana hata kona ya migomba kumi. Ildefons akamwambia, mbele ya watu waliokuja kumaliza matanga, kwamba ardhi ni ya ukoo na mwanamke ni mpita njia. Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi. Hapo ndipo hasira ya Kokuberwa ilipoanza, na haikuwahi kuisha. Waliomjua wanasema alikuwa mkali mno. Sasa angekuwa mpole angelala wapi?

Ndiyo maana ilipotangazwa kwamba kinaanzishwa kijiji cha ujamaa upande wa Muleba, kwenye rweya, yale majani matupu ambayo Mhaya mwenye kibanja chake anayaona ni ya kulishia ng'ombe tu, Kokuberwa aliandikisha jina siku ya kwanza. Wenye migomba wakawacheka walioandikisha, wakasema wanaenda kula nyasi. Acha wacheke. Kule rweya aliandikwa kwa jina lake mwenyewe, akapewa mahali pa kujenga na ekari moja ya kulima, na hakuna aliyemuuliza mume wako nani. Kwa hiyo mtu asidhani alikuwa adui wa ujamaa. Aliupenda kuliko wale waliokuwa wakiupigia makofi kwenye mikutano, kwa sababu yeye ulimpa pa kulala.

Shida ilikuwa nguruwe pori na tumbili. Tumbili wanakuja mchana na kundi zima, kama watu wa harusi. Nguruwe wanakuja alfajiri, wanafukua mihogo na viazi, wanaacha shamba kama limelimwa na mlevi. Shamba la pamoja la kijiji lilikuwa na karanga na mihogo, na kulikuwa na zamu za kulilinda. Mwenyekiti Lwakatare alipochaguliwa mwaka sabini na nne, alizipanga upya hizo zamu. Wenye familia siku moja kwa wiki, wasio na familia siku tatu. Wasio na familia walikuwa wawili, Kokuberwa na kiziwi mmoja mzee. Kokuberwa akauliza kikaoni hesabu hiyo imetoka wapi, akajibiwa kwamba yeye nyumbani hana wa kumpikia. Watu wakacheka. Akakaa chini, ila alikaa kama maji yanavyokaa kwenye sufuria lililo motoni.

Akili ikamjia kwamba anahitaji mbwa. Mbwa kijijini walikuwepo watatu, wote wa wanaume, na mtoto wa mbwa hapewi mwanamke. Anaombwa na mwanaume kwa mwanaume, kwa mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi. Kokuberwa alitengeneza rubisi akaenda kuomba. Mara ya kwanza walikunywa wakacheka. Mara ya pili walikunywa wakamuuliza mbwa anamtaka wa nini. Mara ya tatu hakwenda.

Mwaka huohuo alikwenda Ijuganyondo kumwona shangazi yake mgonjwa. Mji wa Bukoba ulikuwa umeingiwa na hofu ya kichaa cha mbwa. Mbwa wanaozurura walikamatwa wakafungiwa kwenye banda la mabati, wakae siku kumi na nne. Akija mtu kumchukua, mbwa anachomwa sindano na mtu anapewa karatasi. Asiyechukuliwa anapigwa risasi. Shangazi alilalamika kwamba hawalali kwa kelele za banda hilo. Kokuberwa akauliza liko wapi, akaenda saa hiyohiyo.

Mlinzi wa banda alikuwa mzee Yunus, Mwislamu wa mjini, babu yake alitoka pwani. Alikuwa anawasogezea mbwa chakula kwa mti mrefu ili mate yao yasimguse, kisha ananawa mara saba hata kama hawakumgusa. Lakini aliwajua mmoja mmoja kwa tabia, na aliwasema kama mtu anavyosema wajukuu.

Akamwonyesha jike mmoja mtu mzima, mtulivu, amelala pembeni. Kokuberwa alikuwa anaangalia kwingine. Kwenye kona kulikuwa na dume kijana, rangi ya udongo, masikio yamesimama, anaparamia bati, anaanguka, anaparamia tena. Hakuwa anabweka. Alikuwa kazini.

"Yule hapana, binti yangu," Yunus alisema. "Yule ni fujo. Tangu aingie hajakaa chini. Keshokutwa ndiyo siku yake."

"Siku yake ya nini?"

Yunus akaangalia upande wa ziwa.

"Nipe huyo," Kokuberwa alisema.

"Utanirudishia."

"Hata mimi nilirudishwa, mzee. Nipe."

Mbwa akachomwa sindano. Karatasi ikaandikwa, na mahali pa mwenye mbwa Kokuberwa aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za darasa la nne, Kokuberwa Karugendo. Aliitazama karatasi kwa muda. Nyumba yake ilikuwa ya kijiji, shamba la kijiji, hata jembe lilikuwa la kijiji. Ile ilikuwa karatasi ya kwanza kumwita mwenye kitu.

Jina la mbwa hakusumbuka kulitafuta. Yunus alikwishamwita Fujo.

Basi la Muleba lilimkataa mbwa. Dereva wa lori la kahawa akakubali wakae juu ya magunia matupu, na hadi Kyetema mbwa alikuwa amechana mawili. Pale Muhutwe akaruka lori likiwa linatembea. Kokuberwa akagonga paa, akashuka, akamkuta barabarani anamsubiri, ulimi nje, kama vile yeye ndiye aliyechelewa. Njia iliyobaki walitembea kwa miguu. Yaani Kokuberwa alitembea. Fujo aliikimbia mara tano, kwenda na kurudi.

Wiki za mwanzo zilikuwa balaa. Alikata kamba ya mgomba, akakata ya katani. Alifukuza kuku wa jirani yake Celina hadi wakawa wanataga juu ya paa. Alivuta kitenge kwenye kamba akakiburuta matopeni. Kokuberwa alikuwa amekata nyasi mbichi, akazitandika ndani kama watu wanavyofanya sikukuu ikifika, nyumba ikanukia vizuri. Alipotoka kuchota maji Fujo aliingia, na aliporudi nyasi zilikuwa kwenye sufuria, kitandani, na nyingine kwenye sanamu ya Bikira Maria, zimemzunguka kama shada.

Akamchapa. Mbwa akadhani ni mchezo, akaleta fimbo nyingine.

Siku hiyo Kokuberwa alikaa mlangoni akalia kwa hasira. Alijua mwenyekiti angesema nini, na kweli hakukawia kupita.

"Ma Kokuberwa, naona umekosa mume ukajitafutia mbwa."

"Huyu akila analinda, Ndugu Mwenyekiti. Wapo wanaokula tu."

Lwakatare akacheka, maana alikuwa na watu. Ila hakulisahau neno hilo.

Jioni hiyo Kokuberwa alifungua fundo akaitoa kengele ya baba yake. Miaka minne alikuwa hajaivisha kitu chochote. Akaishika mikononi, mtoto wa kike, na mbingu haikuanguka. Kesho yake asubuhi akamvisha Fujo, akatoa majani, akamtoa mbio kwenye rweya. Alikimbia naye hadi kwenye mawe ya mwisho ambako ardhi inateremkia ziwani, akarudi naye, kitenge amekifunga magotini, mapafu yanawaka. Wanawake waliokuwa wanalima walisimama na majembe kumtazama. Mlangoni aliiziba kengele kwa konzi la majani, akampa mbwa chakula, akamkalisha chini kwa mkono. Mbwa akainuka. Akamkalisha. Akainuka. Kesho hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo.

Ilichukua miezi miwili. Celina alimwambia aache, watu wanasema kengele ikishikwa na mwanamke inaleta mkosi. Kokuberwa akamwambia mkosi umekwisha kuja zamani, sasa unachunga karanga. Halafu asubuhi moja aliiziba kengele, na kabla hajaweka mkono, Fujo akajimwaga chini kama gunia la mihogo, akafumba macho. Kokuberwa akachomoa majani. Mbwa akasimama wima, masikio juu. Akaziba tena. Chini. Akaifanya mara nne, halafu akaingia ndani akacheka peke yake, maana kwa nje hakutaka mtu aone.

Tangu hapo tumbili walihama. Nguruwe pori walijaribu mara mbili. Mara ya pili Fujo alimzuia mmoja kwenye mtaro, kengele inalia kama imepagawa, hadi wanaume wakafika na mikuki. Kwa mila ya uwindaji, mwenye mbwa anapewa paja la nyuma. Kila mtu analijua hilo, hata Ildefons analijua. Lwakatare alipogawa nyama, Kokuberwa alipewa utumbo. Akauliza. Lwakatare akasema huyo ni mbwa wa kazi ya kijiji, paja linakwenda kwa kijiji. Kijiji kilipikiwa nyumbani kwa Lwakatare.

Kokuberwa aliubeba utumbo hadi kwake akampa Fujo wote. Hapo ndipo angepaswa kushtuka. Mtu akishachukua paja la mbwa wako, mbwa mwenyewe yuko njiani.

Shangazi wa Ijuganyondo alikufa miezi mitatu baadaye. Kokuberwa alikwenda kuzika, siku tano. Fujo alimwacha kwa Celina, na alimpa maelekezo marefu kama ya daktari: asubuhi kengele wazi, mbio hadi kwenye mawe, kisha izibe, chakula, maji, mwache alale. Celina alikariri kila neno.

Alichokikuta aliporudi alikisikia kwanza. Alikuwa bado chini ya mlima, saa sita mchana, akasikia kengele ya baba yake. Haikuwa inalia kwa mbio. Ilikuwa inalia mahali pamoja, kak kak kak, bila kupumzika, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Akaacha mzigo njiani akapanda mlima mbio.

Celina alimkuta kwenye kona ya kwanza, macho mekundu, akaanza kusema kabla hajaulizwa. Kwamba siku ileile aliyoondoka, wageni wa wilaya walikuja kukagua kijiji. Kwamba Lwakatare alitaka kuwaonyesha ulinzi wa shamba la pamoja, akatuma vijana wawili wakamchukua mbwa, wakamfunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya ghala na kengele yake shingoni, wageni wasikie. Wageni wakasifu. Mmoja akaandika kwenye daftari kwamba kijiji kina mbwa. Basi wageni walipoondoka, mwenyekiti akasema mbwa ameshaandikwa, abaki palepale ghalani.

"Ukawaambia waizibe?"

"Bojo, ndugu yangu, niliwaambia. Nilikwenda mara tatu. Mwenyekiti akasema kengele ikizibwa wezi watajuaje kuna mbwa. Akaniambia mambo ya kuwinda niwaachie wanaume, nisisogee tena pale nguzoni."

Kokuberwa hakungoja amalize.

Mtu ambaye hajafuga mbwa kijana anaweza asielewe walichomfanyia Fujo. Kengele iko wazi, maana yake kazi imeanza. Anaruka, mnyororo unamrudisha. Akirudi, kengele inalia. Ikilia, kazi imeanza, anaruka tena. Siku tano. Wale watu walimfunga mnyama kwenye amri isiyo na mwisho, halafu wakakaa kivulini wakishangaa kwa nini hatulii. Chakula kiliwekwa na nani? Aliyepita alidhani mwingine ameweka. Maji yaliwekwa siku ya kwanza, akayamwaga kwa kuruka, na hakuna aliyejaza tena, maana ni mbwa wa wote; alilamba mvua ya usiku tu. Mbwa wa wote alikuwa amekauka ulimi, povu limeganda mdomoni, sauti imekatika, manyoya ya shingo yameondoka na nyama inaonekana. Na bado alikuwa anaruka.

Watoto walikuwa wamekatazwa kusogea. Wakubwa wamesimama mbali, nusu duara, kama kwenye ngoma. Lwakatare alikuwa amekwisha kusema mbwa ana kichaa na ameita bwana mifugo, na bwana mifugo alikuwa amefika. Jina lake Aroni, kijana wa Kihaya aliyesomea chuoni, mpole, bunduki mikononi ameishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake.

"Mama, sogea," Aroni alisema. "Huyu ana kichaa. Povu hilo."

"Mbwa wangu amechomwa sindano. Karatasi iko nyumbani. Kuna mtu aliyeiulizia?"

Aroni akamgeukia Lwakatare. Lwakatare akamwambia asimsikilize, huyo ni mwanamke mwenye hasira.

"Nipe muda wa kufika pale nguzoni," Kokuberwa alisema.

"Akikuuma, mama?"

"Nitakuwa nimeumwa na mbwa wangu. Haitakuwa kesi yako."

Aliinama akachuma majani makavu pembeni ya ghala, konzi moja, akayasokota kama alivyokuwa akimwona Karugendo anayasokota. Akaenda. Hakumwita mbwa kwa jina, hakumbembeleza. Fujo alikuwa haoni tena mtu. Alimrukia na mnyororo ukamkata hewani, akamgonga Kokuberwa kifuani, wote wawili wakaenda chini. Celina akapiga kelele. Aroni akainua bunduki, kisha akabaki hivyohivyo, maana hakuna pa kupiga bila kumpiga mtu. Kokuberwa, amelala kwenye vumbi na meno ya mbwa karibu na sikio lake, aliikamata kengele kwa mkono wa kushoto, akaisukumia majani kwa mkono wa kulia, akayashindilia kwa kidole gumba hadi mwisho.

Kengele ikanyamaza.

Siku tano kijiji kilikuwa kimeizoea ile sauti, na ilipokatika watu waliangaliana. Fujo alisimama. Akageuza kichwa kidogo kama anayesikiliza kitu mbali, halafu akajimwaga chini juu ya miguu ya Kokuberwa, akafumba macho.

"Maji," Kokuberwa alisema.

Celina alileta bakuli. Mbwa akanywa bila kuinuka, akalimaliza, akanywa la pili. Aroni aliteremsha bunduki akatoa risasi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kwa ajili ya wengine, kwamba mbwa mwenye kichaa hanywi maji hivyo.

Kokuberwa alifungua mnyororo. Mikono yake ilikuwa na damu, sijui ya nani kati yao wawili. Aliukunja ule mnyororo taratibu akaenda kuuweka miguuni pa Lwakatare.

"Mwenyekiti. Baba yako aliwinda na baba yangu. Alikuwa anakuja pale Nyanga, anakula kwetu, na mimi nilikuwa naambiwa nisisogee, kengele ni ya wanaume. Haya. Wanaume wako hapa wote. Siku tano. Hakuna hata mmoja anayejua kuiziba?"

Lwakatare akausukuma mnyororo kando kwa kiatu.

"Mmechukua paja nikanyamaza. Mmechukua mbwa bila kuniuliza. Ni wa kijiji, sawa. Nani katika kijiji alimpa maji? Nitajie mmoja."

"Utajibu kikaoni," Lwakatare alisema.

"Kikao si hiki? Watu si hawa?"

Akambeba Fujo. Alikuwa mbwa mkubwa tayari, miguu inaning'inia hadi magotini kwake. Wakampisha.

Kikaoni alijibu kweli, wiki iliyofuata, na waliamua kwamba amemvunjia heshima kiongozi. Adhabu yake ilikuwa kunyimwa sukari na sabuni kwenye duka la kijiji hadi mavuno, na zamu zake za kulinda zikawa nne. Alizilinda zote. Alikwenda mwenyewe, na debe na fimbo, akapiga debe, akarudi. Fujo alibaki nyumbani anapona, na alipopona alilinda ekari moja tu, ya Kokuberwa. Walipomuuliza, alisema mbwa si wa kijiji, wasome karatasi. Nguruwe nao si wajinga. Waliliacha lile shamba la ekari moja lenye kengele, wakahamia shamba la pamoja.

Mwezi wa kwanza walikula mihogo. Mwezi wa pili wakaingia kwenye karanga. Katibu alikuja kumwomba, akarudishwa. Wazee wawili wakaja na kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, wakapokelewa vizuri, wakatafuna, wakaongea habari za mvua, wakaondoka bila mbwa. Celina alimwambia kwamba hizo karanga ni za watoto wa watu pia. Kokuberwa alijua. Ndilo lililokuwa linamuuma, maana kijiji kilikuwa chake kuliko cha Lwakatare. Alimwambia Celina kwamba anayetakiwa kuja anajulikana, na njia anaijua.

Lwakatare alikuja asubuhi moja ya Jumamosi, peke yake, bila suti yake ya vikao. Fujo alikuwa mlangoni, kengele imezibwa, amelala na jicho moja wazi. Mwenyekiti akasimama mbali na jicho hilo. Alisalimu. Akasema shamba linakwisha. Akasema wakati ule alikosea kidogo.

Kokuberwa alikuwa anamenya ndizi. Hakuinuka.

"Kidogo?"

"Nilikosea, Ma Kokuberwa."

"Na paja?"

Lwakatare akasema likipatikana jingine litakuja hapa. Kokuberwa akaendelea kumenya hadi ndizi ya mwisho, akafuta kisu kwenye jani, akamwita mbwa. Akachomoa majani kwenye kengele, yakaanguka chini mbele ya mwenyekiti. Fujo akasimama, kengele ikalia, mwili wote unatetemeka kwa kutaka kwenda. Kokuberwa alimshika shingoni, juu ya kovu lisilo na manyoya.

"Kabla hajaenda," alisema, "mzibe."

"Mimi?"

"Jioni nani atamzuia, mimi nikiwa jikoni? Chuma majani, sokota, ziba."

Lwakatare, mwenyekiti wa kijiji, alichuchumaa mlangoni kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimnyima sabuni, mikono karibu na meno ya mbwa. Alichuma majani mabichi. Kokuberwa akamwambia hayo yanateleza, achukue makavu. Akachukua makavu akayasukuma ndani. Mbwa akatikisa kichwa mara moja, majani yakatoka, kengele ikalia.

"Hukushindilia," Kokuberwa alisema. Hasira ilikuwa palepale, kwenye sauti, haijapungua hata chembe. "Toa yote. Anza tena."